Mbwa wangu tangu avishwe vifaa vipya hanusi tena, tatizo ni hanesi, joto au ni mimi?

#1 Mtu_wa_Geti
Wakuu salama. Wajuzi wa mbwa wa kazi naombeni msaada kabla hatujafukuzwa, mimi na mbwa wangu wote. Mi ni hendla, yani muongoza mbwa wa kazi, kampuni moja ya ulinzi hapa Dar, tunalinda maghala huku barabara ya Pugu, mwaka wa nne sasa niko na mbwa mmoja tu, Jemani (German Shepherd) dume anaitwa Bosi (jina alikuja nalo msianze). Usiku doria, asubuhi mazoezi ya kufuata nyayo, yani uzio ukikatwa ananusa pale mpaka alikoelekea mtu. Alikuwa mzuri kiasi kwamba majirani walikuwa wanakuja kutuazima.

Mwezi uliopita ofisi ikaleta seti mpya kila hendla: hanesi (mikanda ya kifuani na mgongoni) nyeusi ya nailoni ina mishikio na yale maandishi ya kubandika K9 (mbwa wa kazi), kamba ya nailoni mita 10, kifunga mdomo cha kitambaa na viatu vinne. Vya zamani, kola ya ngozi na hanesi ya ngozi iliyochoka, vikarudishwa stoo. Tangu siku hiyo Bosi ananusa mita hamsini hivi, ananyanyua kichwa, anahema, anakaa chini, ananiangalia kama mimi ndo nilipoteza harufu. Supavaiza anasema mbwa kazeeka, ana miaka 6. Mi nasema ni vifaa. Nani yuko sahihi?

#2 Shemeji wa Taifa
Nimesoma "Bosi anahema anakaa chini ananiangalia" nikajua unaongelea ofisini kwetu.

#3 Kamba_Ndefu
Mkuu swali moja kabla ya yote. Anafuata nyayo akiwa amefungwa mdomo?

#4 Mtu_wa_Geti
#3 ndio, agizo la ofisi, mbwa akitoka bandani mdomo ufungwe maana kuna madereva wa malori walilalamika.

#5 Kamba_Ndefu
Basi uzi umeisha. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, kidogo sana kwenye nyayo tu, joto jingi anatoa kwa kuhema mdomo wazi ulimi nje. Kile cha kitambaa kinabana mdomo usifunguke, kimetengenezwa kwa ajili ya dakika mbili tatu anapochomwa sindano kwa daktari, sio kutembea nacho. Cha kazini ni kile cha kikapu, cha waya au ngozi, ndani mdomo unafunguka na maji anakunywa humohumo. Wewe umemfunga mtu pua na mdomo halafu unamwambia akimbie Pugu Road mwezi wa pili.

#6 Chakubimbi
Hahaha ofisi imenunua barakoa ya mbwa.

#7 Mzee wa Banda
Vijana mnakimbilia hitimisho. Nimefanya kazi na mbwa miaka 22, sehemu kubwa nikiwa na sare ya serikali. #5 kuhusu kifunga mdomo yuko sahihi, hicho tupa leo. Lakini someni tena alichoandika mwenye uzi. Amesema hanesi ya zamani ilichukuliwa. Sisi tulimfundisha mbwa kwa vazi. Akivishwa kola pana anajua leo ni doria na pengine kung'ata. Kola nyembamba, leo ni kutafuta kitu ndani ya nyumba. Hanesi ya ngozi ikigusa mgongo tu pua inashuka chini yenyewe hata hujasema neno. Bosi miaka minne amesikia harufu ya ngozi ileile, uzito uleule, mlio wa bizimu ileile. Sasa anavishwa kitu kina mishikio juu kama begi la shule. Kwake hiyo sio nguo ya kufuata nyayo, hajui leo mnaenda kufanya nini. Anakaa anakuangalia kwa sababu anasubiri umwambie.

#8 Binti Pwani
#7 hii nimeipenda, yani kama mwanafunzi umvalishe suti umpeleke shamba

#9 Ole Nyika
Mambo vipi kutoka Narok. Nakubali na mzee lakini si yote. Huku kwetu Mara mbwa wa kufuata nyayo za majangili wapo tangu 2009, upande wa Mara Triangle, sehemu ya magharibi ya hifadhi, na hao rangers wanatoka nao usiku ama alfajiri. Kitu mzungu mmoja alitufundisha, mbwa akihema mdomo wazi hawezi nusa vizuri, ni moja kati ya hizo mbili. Hewa ya kupoza mwili na hewa ya kunusa ni njia tofauti. So hata ukitoa hiyo muzzle yako, saa nne jua kali na hanesi nyeusi mgongoni bado ataacha kunusa juu anataka kupoa kwanza. Unatoka saa ngapi na yeye?

#10 Mtu_wa_Geti
Zamani saa 11 na nusu alfajiri. Siku hizi saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, ratiba ilibadilishwa mwezi huohuo wa vifaa.

#11 Kamba_Ndefu
Hahahaha ndugu yangu kwa nini hukusema hili kwenye posti ya kwanza

#12 Mtu_wa_Geti
Niliona sio muhimu 😅

#13 Daktari wa Ng'ombe
Mi ni daktari wa mifugo, ng'ombe zaidi lakini mbwa napata. Kabla ya kulaumu nguo mpime joto, kipimajoto cha kawaida cha kidijitali cha duka la dawa, kinaingia nyuma, paka mafuta. Mbwa aliyetulia ni 38.3 hadi 39.2. Akitoka kazini anaweza kupanda mpaka 40 na kitu akashuka mwenyewe ndani ya nusu saa. Ikifika 41 na hashuki, anayumba, fizi nyekundu sana, hapo si mazoezi tena ni dharura. Na Dar shida si jua tu ni unyevu, kuhema kunapoza kwa sababu mate yanakauka, hewa ikishajaa maji hayakauki, anahema bure.

#14 Mtu_wa_Geti
Asante daktari. Akizidiwa namwagia maji ya baridi? Tuliambiwa tusimwagie baridi, atashtuka moyo usimame, tumpake maji ya vuguvugu kwenye nyayo.

#15 Mzee wa Banda
Sahihi, hata sisi tulifundishwa hivyo. Maji ya baridi yanabana mishipa, joto linabaki ndani.

#16 Daktari wa Ng'ombe
#15 samahani mzee, hiyo ni ya zamani. Miaka ya karibuni madaktari wa Uingereza wamekuwa wakipiga kelele juu ya hili hili, poza kwanza, safirisha baadaye. Mbwa kijana mwenye afya mmwagie maji mengi au mtumbukize, ili mradi maji yawe baridi kuliko yeye, na upepo juu. Wengi wanapelekwa hospitali bila kupozwa kwanza. Mzee sana au mgonjwa, hapo ndo unaenda polepole, maji ya bomba na feni.

#17 Mzee wa Banda
Nimesoma. Nitauliza na wengine.

#18 Shemeji wa Taifa
"Nitauliza na wengine" maana yake mzee hajakubali 😂

#19 Doha_Nightshift
Wakenya wako wapi. Mi nilifanya K9 Qatar miaka mitatu, Jemani na Malinois (mbwa wa Ubelgiji), tunakagua magari ya kuingia hotelini. Hapo ndio nilijua vifaa ni nini. Gari la mbwa lina feni na kipimajoto kimeunganishwa na kengele, ndani ikipanda vioo vinashuka vyenyewe na honi inalia. Mbwa anafanya dakika chache anarudi kwenye AC. Na viatu, wasee, msicheke viatu. Lami ya mchana ukiweka nyuma ya kiganja ukashindwa kuhesabu mpaka saba, mbwa hapiti hapo bila viatu. Nimeona nyayo za chini zimetoka ngozi kama soli ya kandambili.

#20 Mtu_wa_Geti
Viatu Bosi alivaa siku moja alitembea kama jogoo kwenye matope, walinzi wote walitoka getini na simu zao kurekodi. Cha nne hatujakiona mpaka leo.

#21 Doha_Nightshift
#20 unaanza ndani ya banda, dakika tano na nyama, siku kumi. Sio unavalisha vinne unaenda kazini. Na uvue kila baada ya muda ukaushe, jasho kidogo alilonalo liko huko huko kwenye nyayo.

#22 Nyayo za Tanga
Mi nipo tofauti na wote. Jamani hamjauliza hanesi inakaa vipi. Hizi za kununua kwa wingi zinakuja saizi moja, ule mkanda wa mbele unapita kwenye bega, mbwa akishusha pua chini bega linasogea mbele linagonga mkanda. Kufuata nyayo ni kuvuta kichwa chini kwa mwendo mrefu. Inayofaa inakaa kama herufi Y kifuani, bega liko huru, na kamba inafungwa nyuma au chini ya tumbo ipite kati ya miguu. Hebu mkuu nyanyua mguu wa mbele wa Bosi uangalie kwapani kama kuna manyoya yamekatika.

#23 Mtu_wa_Geti
Nimeenda kuangalia sasa hivi. Kushoto kuna pekundu, ukubwa wa shilingi mia. Kulia hakuna.

#24 Nyayo za Tanga
SI NILISEMA

#25 Kamba_Ndefu
Upande mmoja tu? Basi hiyo ni kwa sababu na wewe unamvuta upande mmoja. Kamba ya nailoni inateleza, ukiogopa ikuchane viganja unaishika kwa kuizungusha mkononi, inakuwa fupi, unamvuta bila kujua. Nina kovu la kamba ya nailoni mpaka leo, mbwa aliona paka. Tafuta glavu za ngozi na kamba ya ngozi, au ile ya utepe uliofunikwa plastiki, hainywi maji, unafuta kwa kitambaa imekuwa safi, haishiki miiba.

#26 Chakubimbi
Kwa hiyo mpaka sasa watuhumiwa: mdomo, nguo, ratiba, bega, kamba. Tumbakize supavaiza tu.

#27 Binti Pwani
Naomba niulize kitu kidogo nje ya mada. Kaka yangu kapata kazi hii ya hendla na sisi ni Waislamu, bibi kamgomea kabisa, anasema mbwa najisi ataswalije. Waislamu mlioko kwenye kazi hii mnafanyaje?

#28 Nyayo za Tanga
#27 mi Muislamu, Tanga kabisa. Sisi wa madhehebu ya Shafii kilichoguswa na mate yake unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mi nina ovaroli ya banda na buti na glavu, vinabaki kazini kwenye kabati lao, naoga, navaa kanzu naenda msikitini, hakuna siku nimekosa swala sababu ya mbwa. Wa madhehebu ya Maliki wao wana rai nyepesi zaidi juu ya mate. Na mwambie bibi, Suratul Maida aya ya 4 inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa na kinachokamatwa nao kinaliwa. Kufundisha mbwa si jambo geni kwetu. Ila kumlaza chumbani hapana.

#29 Binti Pwani
Allah akulipe. Naenda kumsomea.

#30 Mombasani
Nyinyi mwahangaika na kamba na viatu, huku bandarini Kilindini walifanya majaribio mbwa haendi kwenye kontena hata, kontena ndiyo yaja kwa mbwa. Wafyonza hewa ya ndani kupitia kwa kichujio, kichujio chapelekwa chumba chenye AC, mbwa anusa vichujio vimepangwa kwa safu. Akikaa kimoja, hilo kontena lafunguliwa. KWS (shirika la wanyamapori Kenya) na jamaa wa WWF na TRAFFIC, mashirika ya uhifadhi, walikuwa kwenye mpango huo, kutafuta nyara kama pembe za ndovu. Sasa mbwa wa Pugu Road na hanesi ya begi la shule...

#31 Kijana wa Kimara
#30 mbona najua mbwa wa pembe za ndovu wanapanda juu ya kontena wenyewe, kuna wale waliofundishwa Arusha

#32 Mombasani
#31 wapo hao pia, mpango wa African Wildlife Foundation ulianza 2014, mafunzo Usa River karibu na Arusha, hao wanusa mizigo na magari. Nisemacho mimi ni njia nyingine. Kontena limefungwa lakiri mbwa wa nje hupata harufu kidogo tu mlangoni, nawe waweza kuwa na mamia kwa siku.

#33 Panya Mkubwa
Mnasifia mbwa wakati Morogoro pale chuo cha kilimo SUA shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa. Panya hana haja ya hanesi ya laki mbili. Na mmoja alipewa medali ya dhahabu mwaka 2022 kwa kutegua mabomu Kambodia.

#34 Ole Nyika
#33 Magawa. Medali ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, alipata 2020, 2022 Januari ndio alikufa. Na hategui, ananusa anakwaruza chini, kutegua ni watu. Na hanesi anavaa bwana! Ndogo, imefungwa kwa kamba imevutwa kati ya watu wawili anaenda huku na huku kama shatoo ya cherehani.

#35 Panya Mkubwa
Sawa 2020, nimekosea. Ila hata hao wapya wa kunusa nyara wanavaa kizibao chekundu kina kitufe kifuani, akipata harufu anavuta kitufe kinalia. Bosi ana kitufe?

#36 Mtu_wa_Geti
Bosi ana njaa. Turudi kwenye uzi jamani 😭

#37 Chakubimbi
Kwani Bosi anakula nini na wewe unakula nini?

#38 Mtu_wa_Geti
Yeye chakula cha mfuko, kilo kadhaa kwa wiki, Jumamosi nyama. Mi ugali dagaa. Mshahara tusiongelee. Akiumwa anaitiwa daktari siku hiyohiyo, mi mwaka jana niliumwa malaria nikaambiwa nilete karatasi.

#39 Doha_Nightshift
#38 hii nayo ni kifaa. Buti zangu zilikuwa zinaingiza maji, na mbwa ana koti la mvua. Hendla akiwa ameloa anaharakisha kazi, mbwa anasikia kwenye kamba. Watu wanasema kila kitu kinashuka kwa kamba.

#40 Mzee wa Banda
Na ndiyo nilitaka kusema. Mwenye uzi ameanza kuogopa kufukuzwa. Mbwa anajua.

#41 Daktari wa Ng'ombe
Ngoja ngoja. #38 umesema akiumwa anaitiwa daktari siku hiyohiyo. Aliumwa lini?

#42 Mtu_wa_Geti
Kama wiki tatu nne zilizopita, alihara siku mbili baada ya kubadilishiwa chakula. Alipewa flajili siku kumi, akapona.

#43 Daktari wa Ng'ombe
Mungu wangu. Flajili ni metronidazole. Kuna utafiti ulifanywa Marekani kwa mbwa wa kunusa milipuko, baadhi yao wakiwa kwenye hiyo dawa uwezo wa kunusa ulishuka, wakati doxycycline, dawa nyingine ya bakteria, haikuonyesha hivyo. Siku zile za dawa hakupaswa hata kuhesabiwa kwenye mazoezi. Na kupe je? Mbwa wa maghala na nyasi, homa ya kupe inampata polepole, anachoka mapema, wengine wanatoka damu puani. Mpimeni damu. Kola ya kuzuia kupe nayo ni kifaa cha kazi na bei yake ni ndogo kuliko hayo maandishi ya K9.

#44 Kijana wa Kimara
Serikali imeingilia kati, mtuhumiwa mpya flajili

#45 Kamba_Ndefu
#43 sawa lakini alishamaliza dawa, na bado hanusi. Mi nabaki kwenye mdomo.

#46 Nyayo za Tanga
Na mi kwenye bega.

#47 Ole Nyika
Saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi!!

#48 Vumbi la Mbuga
Mi nimechelewa. Kuna kitu hamjataja, harufu ya hanesi yenyewe. Nailoni mpya na ile gundi ya maandishi inanuka kemikali, na stoo za ulinzi huwaga zinapulizwa dawa ya mende. Vifaa vyetu vya mafunzo ya harufu tunavihifadhi kwenye chupa za kioo, kila aina kwake, maana plastiki inashika harufu na kuhamisha. Sasa unamvalisha mbwa kitu kinanuka karibu na pua yake halafu unamwambia nusa nyasi. Kifue kwa maji matupu bila sabuni ya harufu, anika kivulini wiki nzima.

#49 Mtu_wa_Geti
Wakuu asanteni, nimeandika yote kwenye daftari. Nimeongea na mtu wa stoo, kanipa hanesi ya zamani kwa siri. Kesho saa 11 na nusu kabla supavaiza hajafika, hanesi ya ngozi, bila kitu mdomoni, kamba nimeazima ya ngozi. Nitaleta mrejesho.

#50 Shemeji wa Taifa
Nimekaa pale na kahawa.

#51 Mtu_wa_Geti
MREJESHO. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi ubaridi. Bosi nilivyomvalisha ile ya ngozi alitikisa mkia mpaka nikaona aibu. Njia ilitembewa na mlinzi mwenzangu nusu saa kabla, kama mita mia nane, kapita nyuma ya ghala la tatu, kwenye kokoto, karuka mtaro. Bosi alipotea mara moja kwenye kokoto akazunguka akaipata mwenyewe, tukamkuta mlinzi kakaa kwenye tairi anakula mhogo. Pua chini muda wote.

#52 Nyayo za Tanga
Bega hilo.

#53 Ole Nyika
Alfajiri na mvua imenyesha, ardhi mbichi inashika harufu, hata mimi ningenusa.

#54 Mzee wa Banda
Kijana hongera. Lakini umebadilisha hanesi, kamba, mdomo, saa na hali ya hewa kwa mpigo. Hujajua kitu. Kesho mvalishe ile mpya, saa ileile, mdomo wazi, kamba ileile ya ngozi. Kesho kutwa unarudisha ya zamani saa 3. Kitu kimoja kimoja.

#55 Mtu_wa_Geti
Mzee kesho siwezi, supavaiza kaona picha niliyoweka status. Nimeitwa ofisini saa 4 na Bosi.

#56 Chakubimbi
Bosi gani sasa

#57 Mtu_wa_Geti
Wote wawili.

#58 Kijana wa Kimara
Nina kifunga mdomo cha kikapu, ngozi, kimetumika kidogo, Mbezi. Anayehitaji anicheki.